Shajara ya mradi: chemshabongo za mimea yenye utomvu mweupe

Januari: mada na mipaka

Mradi huu unaandaa karatasi za chemshabongo za Kiswahili kwa klabu za shule za sekondari nchini Uganda. Mfululizo wa kwanza unahusu mimea ambayo ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Karatasi zinatakiwa ziwafikie wanafunzi kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021.

Mimea hiyo si migeni katika mchezo huu. Chemshabongo ya visanduku ilichapwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, mtungaji akiwa Arthur Wynne. Tangu hapo watungaji wa Kiingereza wamezoea kuuliza mmea wenye utomvu mweupe, na majibu yao ni yaleyale: SPURGE, yaani jamaa za mnyaa, au MILKWEED. Wakitaka mti wenye utomvu wa sumu, jibu ni UPAS. Hii ya mwisho hurudi mara nyingi kwa sababu ya umbo lake tu: herufi 4, mbili kati yake irabu, tena inaanza na irabu. Mti wenyewe, Antiaris toxicaria, unaota hapa Uganda pia, na Waganda wanauita kirundu.

Mbinu hizo hazihamishiki zikafanya kazi kwetu. Neno la Kiswahili huishia irabu, na jina la mti huanza na M. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua mraba wa visanduku utajazwaje, na sehemu kubwa ya shajara hii inayahusu.

Masharti tuliyoweka: majibu yawe vidahizo vya kamusi, yaani maneno jinsi yanavyoorodheshwa humo, vitenzi viandikwe katika umbo la kamusi (GEMA, TOA), si umbo lililonyambuliwa kwa wakati na nafsi. Ukiruhusu UTAKATA na WALIGEMA, mraba wowote unajazika, ila mchezaji hana njia ya kulifikia jibu. Majina ya Kiganda yataingia pale tu yanapojulikana na kila msomaji wa hapa, kama MUTUBA (mti wa nguo za gome), na kidokezo kiseme wazi kuwa ni jina la Kiganda.

Februari: kuhakiki mimea

Kidokezo kikisema mmea una utomvu mweupe, lazima uwe nao kweli. Jaribio ni rahisi. Kata kikonyo cha jani changa kwa kisu kikali, mapema asubuhi kabla ya saa mbili. Matone hutokea ndani ya sekunde chache. Yafute kwa kitambaa cheupe, kiache kikauke, kisha andika rangi mbili: ya utomvu mbichi na ya doa. Asubuhi ni muhimu kwa sababu utomvu hukaa katika mirija yake chini ya shinikizo la maji ya mmea. Jua likipanda, mmea hupoteza maji na shinikizo hushuka. Wagema mpira huanza kazi alfajiri kwa sababu hiyohiyo. Ukijaribu mpapai saa nane mchana wakati wa kiangazi unaweza kuufuta kwenye orodha bure.

Waliopita: muhogo, mpapai, mfenesi, mshelisheli, mkuyu, mtini, mutuba, mvule, mforosadi, mnyaa, mbungo, mtoria, mchunga, mziwaziwa, kiazi kitamu, na miti ya mpira: ule wa Amazon uitwao Hevea, na Funtumia elastica, mti wa asili wa misitu yetu ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uligemwa katika msitu wa Mabira.

Waliokataliwa wanastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio wanaoharibu vidokezo. Mgomba una utomvu, lakini hutoka kama maji na doa lake huwa jeusi. Kwenye mada hii haumo. Mwembe hutoa utomvu wa kunata usio maziwa. Mbarika ni wa ukoo mmoja na muhogo na mnyaa, lakini hauna maziwa, kwa hiyo kuwa ndugu hakutoshi kuwa ushahidi. Kwa upande mwingine, kiazi kitamu hakina udugu wowote na mnyaa, lakini kikatwe tu, pembezoni hutokea vitone vyeupe. Mimea yenye utomvu wa namna hii inahesabiwa kuwa zaidi ya spishi 20,000 katika koo zaidi ya 40, kwa hiyo maziwa peke yake hayakuambii ukoo.

Mmea unaoleta ubishi mkubwa ni enkukuuru, Euphorbia candelabrum, ule mti wa matawi yaliyonyooka juu unaoonekana sana katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Wengi huuweka kundi moja na mpungate. Tofauti inaonekana kwa macho: enkukuuru una miiba inayokaa miwilimiwili na utomvu mweupe mzito, mpungate una vishada vya miiba na maji yasiyo na rangi. Mpungate na ndugu zake karibu wote asili yao ni Amerika. Kidokezo kinachouita enkukuuru mpungate hakipiti.

Kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, hatukati kitu. Pale tunahakiki majina ya kisayansi tu. Majaribio ya kisu yanafanyika bustani za nyumbani kwa idhini ya mwenye shamba.

Usalama. Kwa mnyaa na enkukuuru vaa miwani ya kinga na glavu, na usimkabidhi mwanafunzi kisu. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni husababisha maumivu makali na unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda kituo cha afya. Kwenye ngozi tumia sabuni na maji mapema kabla haujakauka. Kwa fenesi, paka mafuta ya kupikia kwenye kisu na viganja kabla ya kupasua; maji hayasaidii, kwani utomvu ule hauyeyuki ndani yake.

Kuna sababu nyingine ya kutocheza na mnyaa. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaowapata watoto; mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa katika sampuli za uvimbe huo. Baadaye watafiti waliuhusisha utomvu wa mnyaa na kuamka kwa virusi hivyo mwilini. Kwa hiyo karatasi yoyote yenye jibu MNYAA inabeba onyo chini ya mraba, kwa maandishi yanayosomeka.

Machi: herufi au silabi?

Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, haina Q wala X, na C haisimami bila H. Swali la kwanza la mtungaji ni kama CH, SH na NY zikae kisanduku kimoja au viwili. Tumeamua herufi moja, kisanduku kimoja. Kuziunganisha kunaonekana nadhifu mpaka ufike MNYAA: kama NY ni kisanduku kimoja, je, MB ya MBUNGO nayo? Kila mchezaji atajibu kwake, na idadi ya visanduku itampotosha. NG' yenye ritifaa tumeiacha nje ya majibu; inatumika ndani ya vidokezo tu.

Kwa wanaoanza tumetengeneza aina ya pili, ya silabi. Kila kisanduku kina silabi kamili:

M – PI – RA
VU – ■ – MA
LE – SE – NI

Mlalo: MPIRA, LESENI. Wima: MVULE, RAMANI. Angalia M ya kona: peke yake ni silabi, na ndiyo inayozaa miti miwili kwa mpigo, maana mpira na mvule yote ina utomvu mweupe. Mraba wa silabi hauna taabu ya irabu za mwisho itakayoelezwa hapa chini. Ugumu wake ni mwingine: silabi ni nyingi kuliko herufi, kwa hiyo ukivuka 3 × 3 unakwama haraka. Kwa 5 × 5 ya silabi utahitaji maneno marefu ambayo mwanafunzi hayajui.

Machi hadi Aprili: mraba wa witiri

Mpangilio wa kwanza tulioujaribu ni ule wa kawaida: maneno yanakaa kwenye mistari na nguzo za namba witiri (1, 3, 5), na visanduku vyeusi pale mstari na nguzo zote mbili ni shufwa (2, 4). Kila neno linakutana na mengine kwenye herufi yake ya 1, ya 3 na ya 5.

Tatizo linaibuka ukingoni. Maneno yote ya wima yanaishia mstari wa mwisho, na kila moja linaishia irabu. Basi neno la mlalo la chini kabisa lazima liwe na irabu nafasi ya 1, ya 3 na ya 5. Vivyo hivyo nguzo ya mwisho kulia. Hapo MPAPAI haliingii, FENESI haliingii, wala mti wowote unaoanza na M. Unahitaji maneno ya mwendo wa irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu: ELIMU, IMANI, AMANI, ASALI, ADABU, UGALI. UTOMVU linaonekana kufaa kwa kuwa linaanza na U, lakini MV inavunja mwendo: herufi ya 5 ni V. ULIMBO nalo linaangushwa na MB. Kwa neno refu zaidi, UTAMADUNI lina irabu nafasi zote tano za witiri.

Mraba wa kwanza uliokamilika:

M P I R A
V ■ M ■ D
U T A T A
L ■ N ■ B
E L I M U

Mlalo: MPIRA, UTATA, ELIMU. Wima: MVULE, IMANI, ADABU. Kona ya juu kushoto ndiyo makao ya M. Ukiiweka hapo unapata miti miwili. Ukingo wa kulia na wa chini umeshikwa na ADABU na ELIMU. Mstari wa kati ulitafutwa mwisho: ulidai U, A, A kwenye nafasi za witiri. Orodha ya maneno ikiwa kwenye faili la maandishi, neno moja kila mstari, kwa herufi ndogo, amri ya kompyuta ya kutafuta maneno, grep, yenye ruwaza ^u.a.a$ (kila nukta ni herufi yoyote) huleta yote yanayofaa. Miongoni mwake UBAYA na UTATA. Tumechukua la pili.

MNYAA ni gumu zaidi kwa sababu ya Y katika nafasi ya 3: nguzo ya kati lazima ianze na Y, na maneno mafupi ya Y ni machache. YUMBA limeokoa hali. Mlalo MNYAA, SIMBA, IMANI; wima MOSHI, YUMBA, ASALI. MOSHI limepata kidokezo kinachofaa mada, kwa kuwa moshi wa minyaa inayochomwa huwasha macho.

Aprili: kusogeza nguzo

MSHELISHELI lina herufi 11 na tulitaka liwe uti wa mgongo wa karatasi kubwa. Katika nguzo za witiri linatoa M, H, L, S, E, I. Ukisogeza nguzo ziwe za shufwa (2, 4, 6, 8, 10) linatoa S, E, I, H, L, na jambo jingine zuri linatokea: neno la wima linaloishia mstari wa chini linaangukia herufi ya PILI ya neno la mlalo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida ni konsonanti kisha irabu, kwa hiyo irabu ya mwisho inatua palepale inapotakiwa. Huhitaji tena maneno ya kuanza na irabu. Sharti ni moja: neno la chini lisianze na M ikifuatwa na konsonanti.

Matokeo, nguzo 11 kwa mistari 7:

■ ■ ■ ■ ■ ■ A M A ■ ■
■ U ■ F ■ T ■ U ■ U ■
M S H E L I S H E L I
■ I ■ N ■ N ■ O ■ I ■
U K W E L I ■ G E M A
■ U ■ S ■ ■ ■ O ■ B ■
■ ■ K I A Z I ■ T O A

Wima: USIKU, FENESI, TINI, MUHOGO, ULIMBO. Mlalo: AMA, MSHELISHELI, UKWELI, GEMA, KIAZI, TOA. Majibu 11, na kati yake manane yanagusa mada moja kwa moja. H ya MSHELISHELI ilitia wasiwasi mpaka MUHOGO likakaa likianzia juu, H yake ikiwa ya tatu. GEMA limetokea lenyewe: G ya MUHOGO na M ya ULIMBO ziko mstari mmoja, zimeachana kwa kisanduku kimoja. I ya FENESI na O ya ULIMBO zimetua kwenye KIAZI na TOA, nafasi ya pili zote.

Ulinganifu wa visanduku vyeusi, ule wa kugeuza karatasi juu chini na umbo likabaki lilelile, tumeuacha kwenye karatasi hii. Kuulazimisha kungetuondolea angalau majibu mawili ya mada, na mchezaji wa Kiswahili haudai.

Mei: vidokezo

Hapa ndipo kazi ilipo. Mtu anaweza kudhani kidokezo "mti wenye utomvu mweupe (5)" kinatosha. Hesabu majibu yanayoingia: MNYAA, MVULE, MPIRA, MKUYU, MTINI. Yote ni herufi 5, yote yanaanza na M. Kwa herufi 6 kuna MPAPAI, MUTUBA, MTORIA, MUHOGO kwa anayeuita mti. Utomvu peke yake si kidokezo. Ni nusu tu. Nusu ya pili iseme kitu ambacho mmea mwingine haukifanyi.

Vilivyopita:

MVULE: Mbao zake ngumu hupendwa kwa milango na samani, na gome likichanjwa hutoa maziwa (5).
MUTUBA: Kwa Kiganda, mti ambao gome lake hupondwa kuwa nguo (6).
PAPAI: Likiwa bichi hutoa maziwa yanayolainisha nyama (5).
MNYAA: Ukiukata unalia maziwa, ukikugusa jicho unalia wewe (5).
ULIMBO: Utomvu wa kunasia ndege (6).
GEMA: Chanja mti upate utomvu au tembo (4).
MPIRA: Hutoka mtini, hugandishwa, huishia uwanjani (5).
MZIWAZIWA: Jina lake limerudia maziwa mara mbili, hutambaa chini njiani (9).

Kidokezo cha MUTUBA kinategemea jambo linalojulikana vizuri hapa: kitambaa cha gome la mutuba, Ficus natalensis, kilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi, kikaingia kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Gome hubanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote, na gome lililobanduliwa hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka litanuke.

Kilichokataliwa: "Maziwa yake yana sianidi (6)" kwa MUHOGO. Sianidi ya muhogo haikai kwenye maziwa ikisubiri. Hutokea tishu zikipondwa au kukwaruzwa, kemikali ya linamarini iliyo ndani ya seli inapokutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo. Ndiyo maana muhogo mchungu hupondwa, hulowekwa na kukaushwa kabla ya kuliwa. Kidokezo kimebadilishwa: "Shina huzikwa, mzizi huliwa; kikonyo kikivunjika hutoa maziwa (6)."

Tahadhari ya jozi. Katika mraba wa witiri herufi ya 2 na ya 4 hazikutani na neno lingine. MKUYU na MBUYU zinatofautiana herufi ya 2 pekee, kwa hiyo makutano hayatamwokoa mchezaji. Lazima kidokezo kitaje maziwa, maana mbuyu hauna. Katika mpangilio wa shufwa mambo yanageuka: MPIRA na MPERA zinatofautiana herufi ya 3, ambayo sasa ndiyo isiyokutana. Huko tena utomvu ndio unaoamua, mpera hauna maziwa. Kwenye karatasi kubwa, UKWELI linaweza kujazwa MKWELI kwa kuwa kisanduku cha kwanza kiko huru. Kidokezo kiulize jambo, kisiulize mtu.

Tahadhari ya L na R. Katika maandishi ya Kiganda, R huja baada ya E na I, na L kwingineko. Mwanafunzi aliyelelewa na Kiganda huandika ELIMU kama ERIMU bila kufikiri, na L hiyo katika mraba wetu wa kwanza haikutani na kitu. MPIRA halina shida, R yake imefuata I. Kwa maneno kama ELIMU, UKWELI na MSHELISHELI, panga L ikutane na neno lingine kila inapowezekana. MSHELISHELI lina L mbili: ya nguzo ya 5 iko huru, ya nguzo ya 10 inakutana na ULIMBO. Hata hivyo kamusi nyingine zinakubali URIMBO, na hapo R inapita wima. Suluhisho ni kuandika juu ya karatasi: tahajia ni za Kiswahili sanifu, na ULIMBO kwa L.

Maneno yenye sura mbili: MUHOGO na MHOGO hutenganishwa na idadi ya herufi kwenye mabano. MNYAA na MNYARA nazo vivyo hivyo.

Ili M isitawale, nusu ya majibu ya mada yanachukuliwa kwenye matunda badala ya miti: PAPAI, FENESI, TINI, KUYU. Mchezaji akijua kila jibu linaanza na M, amepewa herufi ya bure, na kisanduku hicho hakina kazi tena.

Juni: kuchapa

Mraba unachorwa kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali: upana wa nguzo sentimita 1, urefu wa mstari sentimita 1, mipaka myembamba. Nguzo 11 zinachukua milimita 110, zinatoshea karatasi ya A4 yenye upana wa milimita 210 na nafasi ya vidokezo chini. Kwa 5 × 5 ongeza hadi sentimita 1.2, mwandiko wa kidato cha kwanza ni mkubwa.

Visanduku vyeusi visijazwe weusi kamili. Mashine ya fotokopi hula wino, na kopi ya kopi huacha madoa yanayoingia visanduku vya jirani. Kijivu cha asilimia 30 kinatosha, au mistari ya mshazari. Namba za visanduku ziwe pointi 7. Za pointi 5 hupotea kwenye kopi ya pili. Ziweke kona ya juu kushoto, si katikati, la sivyo mwanafunzi huandika juu yake. Majibu yachapwe ukurasa tofauti kabisa: nyuma ya karatasi nyepesi yanasomeka dhidi ya mwanga.

Onyo la mnyaa lipo chini ya kila mraba unaoutaja mmea huo, pointi 11, sentensi mbili: usikate, usiguse macho; ukiguswa osha kwa maji mengi kisha nenda kituo cha afya.

Julai: hali ilivyo

Karatasi nne ziko tayari: silabi 3 × 3, mbili za 5 × 5, na ile ya 11 × 7. Klabuni, mahali pa kukwama ni palepale katika kila kundi: MTORIA na MBUNGO, matunda ya msituni ambayo wanafunzi wengi wa mjini hawajayaona. Tumeyaondoa kwenye mfululizo huu. Yatarudi yakiwa na picha. MSHELISHELI halitolewi jibu haraka na wasiojua pwani, lakini likifikiwa kwa makutano linakubalika, kwa kuwa herufi zake tano kati ya 11 zinathibitishwa na maneno ya kawaida: USIKU, FENESI, TINI, MUHOGO, ULIMBO. Jibu geni moja kwa mraba, likizungukwa na yanayojulikana, ndicho kipimo chetu sasa.

Inayofuata ni 9 × 9 ya witiri. Fremu imekamilika: MZIWAZIWA mstari wa juu, UTAMADUNI mstari wa chini, MVULE na JUU nguzo ya kushoto, ADABU na AMI nguzo ya kulia, kila jozi ikitenganishwa na kisanduku cheusi kwenye mstari wa 6. MZIWAZIWA lisiwekwe kwenye shufwa, maana litatoa Z, W, Z, W; katika witiri linatoa M, I, A, I, A. Kilichobaki ni ndani: mstari wa 3 unaanza na U na kuishia A, wa 5 unaanza na E na kuishia U, wa 7 unaanza na J na kuishia A. Nguzo ya 3 inaanza na I na kuishia A, ya 5 inaanza na A na kuishia A, ya 7 inaanza na I na kuishia U. Mistari hiyo inaweza kukatwa kwa kisanduku cheusi mara moja, si zaidi, na angalau majibu matatu ya ndani yawe ya mada.